Jelato na mvinyo mtamu: namna ya kuvioanisha ukiwa Arusha au Moshi

Mvinyo mtamu ulio mzuri ukinywewa peke yake unaweza kuharibikia mdomoni mara tu unapokutana na jelato, aiskrimu nzito ya Kiitalia. Unageuka mchachu, au unaunguza koo, au unapotea na kuacha kitu kama maji ya rangi. Watu hulaumu ladha: stroberi haipatani na mvinyo ule, kahawa haitaki mvinyo huu. Mara nyingi ladha haina kosa. Tatizo ni ubaridi, halafu sukari, halafu mafuta ya maziwa. Ukivipanga hivyo vitatu, ladha nyingi zitapatana bila kubembelezwa. Usipovipanga, hata chupa ghali kutoka Bordeaux haitakufaa.

Maelezo haya ni ya anayeandalia wageni wachache nyumbani, na ya mwenye mgahawa mdogo anayetaka kuweka glasi ya mvinyo kando ya kikombe cha jelato. Utahitaji mizani ya jikoni na kipimajoto cha kuchomeka chenye kusoma chini ya sifuri. Bila kipimajoto utakuwa unabahatisha, na kwenye jambo hili nyuzi tatu tu zinatosha kuharibu kila kitu.

Ubaridi

Ulimi uliopoa hauhisi utamu sawasawa. Onja mchanganyiko wa jelato kabla haujagandishwa: ni mtamu wa kukinaisha. Ukishaganda, sukari ileile inaonekana ya kiasi. Ndiyo sababu jelato hubeba sukari nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 16 na 22 ya uzito wake. Sasa mtu akila kijiko cha jelato kisha akanywa mvinyo, ulimi bado ni wa baridi. Utamu wa mvinyo nao unafifia, ila asidi yake haifichiki, na tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni, ndiyo inazidi kukwaruza. Mvinyo haukubadilika, kilichobadilika ni ulimi unaoupokea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuipandisha joto jelato kabla ya kuigawa. Jelato huliwa ikiwa kati ya nyuzi -14 na -11 za Selsiasi. Friza ya nyumbani hukaa karibu na -18, kiwango kinachofaa kuhifadhia tu. Ichomoe kopo la nusu lita kutoka friza ulihamishie kwenye friji ya kawaida, yenye nyuzi 4, kwa dakika 15 hadi 20. Chomeka kipimajoto katikati. Kikisoma -12, chota. Usiiache mezani ukidhani unaokoa muda: pembeni inayeyuka huku katikati bado jiwe, na ile iliyoyeyuka ikigandishwa tena inakuwa na chembechembe za barafu. Asubuhi ya Julai jijini Arusha, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, meza ya jikoni inaweza kukusamehe dakika tano. Moshi iko chini zaidi, na mchana wa Februari haisamehi hata dakika mbili.

Tofauti nyingine kati ya jelato na aiskrimu ya kiwandani ni hewa. Lita moja ya mchanganyiko wa jelato hutoa takriban lita 1.2 hadi 1.35 baada ya kuzungushwa. Aiskrimu ya kiwandani inaweza kutoa hadi lita mbili kutoka kiasi hichohicho. Jelato kwa hiyo ni nzito zaidi na hukaa mdomoni muda mrefu. Uoanishaji ulioufurahia kwa aiskrimu nyepesi unaweza kushindwa kwa jelato, kwa sababu sasa mvinyo unapambana na kitu kizito zaidi.

Vikombe viwekwe friza dakika 10 kabla ya kugawa. Maji ya kunywa, kinyume chake, yawe ya joto la chumba na yasiwe na barafu, kwa kuwa kazi yake ni kuurudishia ulimi joto kati ya ladha moja na nyingine.

Sukari na uzito wa mvinyo

Kanuni ya zamani inasema mvinyo uwe mtamu kuliko kitindamlo. Kwa keki ni kweli tupu. Kwa jelato ifuate, lakini ujue kwamba ubaridi unakusaidia kidogo: jelato ya maziwa yenye sukari asilimia 16 inaweza kusimama na mvinyo wa gramu 120 za sukari kwa lita, ingawa kwenye karatasi mvinyo huo unaonekana kuzidiwa. Chini ya gramu 100 kwa lita mambo huanza kuharibika, isipokuwa mvinyo uwe na gesi. Kwa chokoleti nyeusi, karameli na karanga, tafuta gramu 200 na kuendelea, au pombe ya kutosha kubeba uzito.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Rafu za maduka yetu zimejaa mivinyo myekundu mitamu kutoka Afrika Kusini yenye maneno "Natural Sweet". Kwa sheria za huko, maneno hayo yanaruhusiwa kuanzia gramu 20 tu za sukari kwa lita. Ni vinywaji vya mchana wa nyama choma. Mbele ya jelato havionekani kabisa. Maneno ya kutafuta kwenye lebo ni haya:

"Noble Late Harvest" ni mvinyo wa zabibu zilizochelewa kuvunwa na kushambuliwa na ukungu wa Botrytis, unaonyonya maji ya zabibu na kuacha sukari na asidi vikiwa vimekolea. Sukari haipungui gramu 50 kwa lita na nyingi hupita 100. Asidi yake ya juu ndiyo thamani yake.

"Muscadel" na "Jerepigo" hupatikana kwa kuongeza pombe kali kwenye maji ya zabibu kabla hayajachacha au yakiwa yameanza tu. Ni mitamu sana, jerepigo ikianzia gramu 160 kwa lita, na pombe ni asilimia 15 na zaidi. Kwa bei yake, hakuna chupa yenye faida kubwa kwa mwenye mgahawa kuliko muscadel nyeupe.

"Cape Ruby" na "Cape Tawny" ni mivinyo ya Afrika Kusini iliyotengenezwa kwa njia ya Port ya Ureno: uchachukaji husimamishwa kwa pombe ya zabibu ili hamira ife na sukari ibaki. Port yenyewe, kutoka bonde la Douro, ina pombe asilimia 19 hadi 22 na sukari karibu gramu 100 kwa lita. Ruby ni changa, nyekundu, yenye ladha ya matunda meusi. Tawny imekaa kwenye mapipa hadi ikawa na rangi ya kahawia na harufu ya njugu na karameli. Usizibadilishane, kwenye jelato ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kutoka Italia tafuta Moscato d'Asti: pombe asilimia 5 hivi, gesi laini, sukari gramu 100 hadi 130. Kutoka Hispania, Pedro Ximénez ya Jerez, ambayo zabibu zake huanikwa juani baada ya kuvunwa hadi zisinyae. Sheria inataka sukari isipungue gramu 212 kwa lita, na chupa nyingi hupita 350. Ni nzito, nyeusi, inamiminika taratibu kama sharubati. Sauternes ya Ufaransa na Tokaji Aszú ya Hungaria ni nzuri sana, ila mjini kwetu ni za kuagiza, na noble late harvest inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini.

Dodoma nayo isisahaulike. Mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu ya Makutupora hutoa mivinyo mitamu mizito, Dompo ikiwa inayofahamika zaidi. Lebo hazisemi kiasi cha sukari, kwa hiyo ipime kwa njia inayofuata. Ikifaulu, iweke kwenye nafasi ya ruby, kwa chokoleti.

Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, haiingii hapa. Ina uchachu, ina uchungu wa gome la msesewe, na sukari yake haitoshi. Iachiwe meza yake.

Kupima chupa kwa jelato ya maziwa tupu

Kabla ya kupanga ladha yoyote, pima kila chupa mpya kwa jelato ya maziwa isiyo na kitu kingine: bila vanila, bila yai. Ladha yake ni ndogo kiasi kwamba kasoro ya mvinyo haina pa kujificha. Hivi ndivyo vipimo vya kilo moja:

maziwa freshi gramu 615
krimu ya mafuta asilimia 35, gramu 160
sukari gramu 140
maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 45
glukosi ya maji, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, gramu 30
kornflawa gramu 10
chumvi gramu 1

Changanya vikavu pamoja kwanza, maana maziwa ya unga yakitiwa peke yake kwenye maziwa ya moto hufanya madonge. Pasha maziwa, krimu na glukosi hadi nyuzi 45, mimina vikavu huku ukikoroga, kisha endelea hadi 85 na ushikilie hapo dakika mbili. Usisubiri kuchemka: Arusha maji huchemka karibu na nyuzi 95, na maziwa yaliyochemka huleta harufu ya kupikwa itakayogombana na mvinyo. Tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji ya barafu hadi mchanganyiko ushuke chini ya nyuzi 10, uufunike, uuache kwenye friji saa 4 hadi 12. Zungusha kwenye mashine dakika 25 hadi 35, halafu gandisha saa nne.

Sukari hapa ni kama asilimia 16, upande wa chini wa kawaida, na mafuta hayafiki asilimia 8. Imefanywa hivyo makusudi. Mapishi mengi ya mtandaoni huweka krimu nyingi zaidi; krimu inapaka ulimi, harufu ya mvinyo inashindwa kupenya, na mtu anabaki kuhisi pombe tu.

Sasa jaribu. Onja mvinyo peke yake. Kula kijiko cha jelato yenye nyuzi -12, meza, hesabu hadi tano, kisha onja mvinyo tena. Ukionekana mchachu kama uliokamuliwa limau, sukari yake haitoshi. Ukionekana umepungua tu lakini harufu ipo, unafaa kwa ladha nyepesi za matunda. Ukiunguza koo, huenda hujaupoza vya kutosha au pombe yake inataka ladha nzito zaidi, kwa hiyo ushushe nyuzi mbili ujaribu tena. Ukibaki uleule, au harufu yake ikachanua zaidi kuliko mwanzo, hiyo ni chupa ya kununua kwa katoni.

Kahawa, njugu na chokoleti

Hizi ndizo ladha zinazostahili mvinyo kuliko zote, na mtu wa Kilimanjaro au Arusha ana malighafi mlangoni.

Kwa jelato ya kahawa tumia arabika iliyokaangwa wastani. Iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi inaleta uchungu, na uchungu ukikutana na tanini hakuna sukari itakayotuliza. Loweka gramu 45 za kahawa iliyosagwa chengachenga ndani ya gramu 720 za maziwa baridi, kwenye friji, kwa saa 12. Kuloweka baridi kunatoa harufu na kuacha uchungu mwingi kwenye machicha. Chuja kwa kitambaa, usikamue, kisha pima upya: unataka gramu 615, na upungufu uufidie kwa maziwa. Fuata mapishi ya juu. Mvinyo wake ni Tawny, ya Ureno ya miaka 10 au ya Cape, kwa nyuzi 12 hadi 14. Harufu za pipa, karameli na njugu zinakutana na kahawa bila kugombana, na asidi ya wastani ya arabika zetu zilizooshwa inainua mvinyo. Ruby hapa haifai: matunda yake mekundu yakikutana na kahawa yanatoa ladha ya dawa ya kikohozi.

Korosho, karanga na makadamia zinapenda Tawny pia, na Madeira, mvinyo ulioongezwa pombe kutoka kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, za aina tamu za Bual au Malmsey hata zaidi. Kaanga njugu kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, saga zikiwa bado za moto hadi zitoe mafuta, tia gramu 100 kwa kila kilo. Punguza krimu kwa gramu 60 na uongeze maziwa kiasi hichohicho, kwa sababu njugu zimekuja na mafuta yake. Asiyepunguza hupata jelato nzito inayofunga mdomo. Karanga za sokoni, Kilombero au Mbuyuni, zichague moja moja na uonje mbichi: iliyoanza kuchacha mafuta itafichika kwenye jelato peke yake, lakini mvinyo utaifichua papo hapo. Yenye ukungu ni ya kutupa.

Chokoleti ndiyo ngumu. Kakao ina uchungu na tanini zake yenyewe. Ukiipa mvinyo mweupe mtamu, hata Sauternes, mvinyo unafifia na kuacha uchachu. Ukiipa mvinyo mwekundu mkavu, vyote viwili vinakuwa vichungu. Jelato ya chokoleti nyeusi ya asilimia 70 inataka Ruby nzito, au Banyuls na Maury za kusini mwa Ufaransa ukibahatika kuzipata, au Dompo iliyofaulu jaribio. Chokoleti ya maziwa inalegea zaidi na inakubali Tawny. Pedro Ximénez inabeba zote mbili, ingawa kwa chokoleti nyeusi iliyotiwa sukari nyingi pamoja nayo, meza inachoka baada ya vijiko vitatu. Gramu 40 kwa mtu zinatosha. Chumvi kidogo zaidi, gramu 2 kwa kilo, inapunguza uchungu kuliko kuongeza sukari.

Pedro Ximénez ina matumizi mengine ambayo ni rahisi kuliko yote katika maelezo haya: ichukue jelato ya maziwa tupu au ya vanila, gramu 60, umimine juu yake mililita 15 mezani mbele ya mgeni. Kumi na tano, si zaidi. Pombe hushusha kiwango cha kuganda, na ukimimina 40 jelato inageuka supu kabla kijiko cha pili hakijafika mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo usitie mvinyo wenye pombe kali ndani ya mchanganyiko kwa zaidi ya mililita 50 kwa kilo: haitaganda vizuri. Ukitaka ladha ya mvinyo ndani, chemsha mililita 200 kwa moto mdogo hadi zibaki 100, poza kabisa, uichanganye kama mistari baada ya kuzungusha.

Matunda

Embe ni rafiki wa zabibu za Muscat, ndizo zinazotoa Moscato na muscadel. Kwa sorbeti, yaani ya matunda bila maziwa, changanya rojo ya embe gramu 550, maji 260, sukari 150, glukosi 30 na maji ya ndimu 10. Mpe Moscato d'Asti kwa nyuzi 6 hadi 8, au muscadel nyeupe kwa nyuzi 8 hadi 10 ukitaka kitu kizito. Kumbuka kwamba kwenye mwinuko wa Arusha gesi hutoka kwa nguvu zaidi kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Chupa ya Moscato ipozwe kweli kabla ya kufunguliwa, na kizibo ukishike.

Nanasi na nazi zinakwenda na noble late harvest, ambayo mara nyingi yenyewe ina harufu ya nanasi na asali. Stroberi zinazolimwa mikoa hii, zikigandishwa na maziwa, zinakubali Moscato vizuri. Zikiwa sorbeti yenye asidi kali, zipe Brachetto d'Acqui, mvinyo mwekundu mtamu wenye gesi wa Italia, ikipatikana, au sivyo noble late harvest.

Pesheni ni mtihani. Asidi yake inazidi ya karibu mvinyo wowote, na mvinyo wenye asidi ndogo, kama muscadel, unaonekana mfu kama maji ya sukari yaliyolala. Juisi ya pesheni isizidi gramu 180 kwa kilo, kwenye jelato ya maziwa na si sorbeti, na mvinyo uwe noble late harvest au Tokaji. Ukwaju na ubuyu viache vitamu peke yake. Hakuna sababu ya kuvilazimisha.

Ndizi mbivu inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Harufu yake kuu hutokea pia kwenye mivinyo michanga, na zikikutana zinapandishana hadi kufanana na peremende au rangi ya kucha. Iue harufu hiyo kwa moto: choma ndizi na maganda yake kwenye oveni ya nyuzi 190 dakika 20, kamua nyama yake, tumia gramu 250 kwa kilo. Sasa ina karameli, na Malmsey au Tawny inaipokea vizuri sana. Hili ndilo oanisho linalostahili kuwa la kwetu.

Parachichi lina mafuta mengi kiasi kwamba krimu yote iondolewe: rojo gramu 200 kwa kilo, maziwa yajaze nafasi, ndimu gramu 15. Mvinyo wenye asidi tu ndio utakaokata mafuta hayo.

Tangawizi na pilipili huzidisha moto wa pombe kali, kwa hiyo Moscato pekee, si Port. Mnanaa usioanishwe na mvinyo wowote. Unabaki na hisia ya dawa ya meno.

Jioni yenyewe, kwa watu wanane

Ladha tatu zinatosha. Ya nne inakuta ulimi umechoka kwa ubaridi, na mvinyo mzuri unapotea bure. Kwa kila ladha mpe mtu gramu 50 za jelato na mililita 45 za mvinyo: watu wanane watamaliza gramu 400 na mililita 360, yaani chupa moja ndogo ya mililita 375 kwa kila mvinyo. Mpangilio ni kutoka nyepesi kwenda nzito: embe na Moscato, kahawa na Tawny, chokoleti na Ruby. Ukianza na chokoleti, Moscato itaonekana kama soda iliyoachwa wazi.

Kama mnakula kitindamlo saa 2:00 usiku, Moscato iingie friji saa 10:30 jioni. Tawny na Ruby ziingie saa 1:00. Mwaka mzima mjini Moshi, na Arusha kuanzia Oktoba hadi Machi, "joto la chumba" ni kubwa mno kwa Ruby, inayotaka nyuzi 14 hadi 16. Umesahau? Beseni la maji na barafu nusu kwa nusu linapoza chupa ndani ya dakika 20 hadi 30. Vikombe viingie friza saa 1:50. Kopo la kwanza la jelato lihamie friji saa 1:40, la pili na la tatu yapishane kwa dakika 20. Glasi ziwe ndogo, zijazwe theluthi ili harufu ipate pa kukaa.

Mgeni aanze kwa kuonja mvinyo, ale jelato, arudi kwenye mvinyo huku jelato ikiwa bado mdomoni kidogo. Mwelekeze kwa maneno machache tu. Kisha biskuti isiyo na sukari na funda la maji.

Umeme ukikatika mchana wa maandalizi, usifungue friza. Ukichelewa kurudi, vunja barafu kilo tatu, changanya na chumvi ya mawe kilo moja kwenye kasha la barafu, zika makopo yaliyofungwa kabisa humo. Mchanganyiko huo hushuka hadi karibu -18 na utashikilia jelato kwa saa kadhaa.

Wasiokunywa, na chupa zilizobaki

Kwenye meza yoyote ya kwetu kuna wasiotumia pombe, na wasipewe maji tu. Chemsha choya kavu gramu 40 kwenye lita moja ya maji pamoja na kijiti cha mdalasini kwa dakika 10, chuja, tia sukari gramu 200, punguza kwa moto mdogo hadi mililita 600. Ikipoa ina uchachu, rangi na tanini, na mililita 30 zake zinasimama na chokoleti kama Ruby inavyosimama. Kwa kahawa, pika sharubati nzito ya tende. Mapishi ya jelato yaliyo hapa hayana pombe. Ile uliyotia mistari ya mvinyo iwekee alama, kwani kuchemsha hakuondoi pombe yote.

Chupa ikishafunguliwa, muda wake unategemea namna ilivyotengenezwa. Moscato inyweke siku hiyo au kesho yake. Noble late harvest hukaa wiki moja kwenye friji, Ruby wiki mbili hivi. Tawny na Pedro Ximénez, zikifungwa vizuri na kuwekwa baridi, zinafika mwezi na zaidi. Madeira hupashwa joto wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo hustahimili miezi hata baada ya kufunguliwa. Kwa mgahawa wa Moshi unaouza glasi mbili tatu kwa wiki, hiyo ndiyo chupa ya kuanza nayo. Zote ziwekwe mbali na juu ya friji, ambako joto la mota hupanda mchana na usiku.